Mkataba Hutiwa Saini Arusha, Mzigo Hufunguliwa Busia

Mazungumzo kuhusu wanawake na biashara ya mpakani, yaliyoandaliwa kwa wafanyabiashara wadogo na wakazi wa kaunti



Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, akina mama wa Busia huwa tayari wako barabarani. Mmoja amebeba beseni la omena, mwingine ana gunia la maharagwe, wa tatu amefunga trei za mayai nyuma ya baiskeli. Wako wanaovuka kwenda Uganda, na wako wanaorudi Kenya. Kwao huo ni mwendo wa kutafuta unga na karo ya watoto. Katika vitabu vya serikali mwendo huo huo unaitwa biashara ya kimataifa, sawa na ile ya meli inayotia nanga Mombasa. Mama mwenye gunia moja yuko chini ya sheria zilizojadiliwa na mawaziri na kutiwa saini na marais.

Sheria hizo ziliandikwa ili zimfae. Hata hivyo, wengi wanaendelea kupita njia za panya, gizani, wakiwa na hofu. Kwa nini? Jibu ni kwamba mkataba wa biashara humfaa mwanamke pale tu yeye mwenyewe anapoujua, na pale afisa wa mwisho anayekutana naye anapoufuata. Kati ya saini na gunia pana umbali mrefu, na haki nyingi hupotelea hapo katikati.

Kilichoahidiwa

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Mkataba huo una sura nzima, Sura ya 22, inayohusu wanawake. Ibara ya 121 inazitaka nchi wanachama kuwashirikisha wanawake katika maendeleo na katika maamuzi, kufuta sheria zinazowabagua, na kupinga mila zinazowakandamiza. Ibara ya 122 inazungumzia wanawake katika biashara.

Mwaka 2004 ikafuata itifaki ya Umoja wa Forodha, iliyoanza kazi Januari 2005. Soko la Pamoja likaanza tarehe 1 Julai 2010. Msingi wake ni rahisi kueleweka: bidhaa iliyolimwa, kuvuliwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya ivuke kutoka nchi moja hadi nyingine bila kutozwa ushuru wa forodha. Ile inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru mmoja wa pamoja. Kwa mahindi, ushuru huo wa pamoja umewekwa kuwa asilimia 50. Kwa hiyo mama anapoweza kuonyesha kwamba mahindi yake yamelimwa Uganda au Tanzania, anachookoa si haba.

Bara zima nalo limechukua mwelekeo huo. Biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika ilianza rasmi Januari 2021. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipitisha itifaki maalumu ya wanawake na vijana katika biashara. Ulimwenguni, Shirika la Biashara Duniani lilipata mkurugenzi mkuu wa kwanza mwanamke, ambaye pia ni Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho, Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, aliyeanza kazi Machi 2021. Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Arusha nayo ilipata katibu mkuu wa kwanza mwanamke mwaka 2024, Veronica Nduva wa Kenya.

Kwa maandishi, basi, mwanamke amekumbukwa. Sasa itazamwe hali ya yule mwenye beseni la omena.

Cheti ambacho wengi hawakijui

Wakuu wa Jumuiya waliona mapema kwamba makaratasi yaliyotengenezwa kwa ajili ya malori makubwa hayamfai mtu mwenye magunia matatu. Hakuna mama wa soko awezaye kumlipa wakala wa forodha kwa kila safari na bado apate faida. Ndiyo sababu ukawekwa Utaratibu Rahisi wa Biashara.

Utaratibu huu unamhusu mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kwa kiwango cha dola moja kuwa takriban shilingi 129, hizo ni zaidi kidogo ya shilingi 250,000. Wengi wa wanaovuka kwa miguu au kwa baiskeli hawafiki hata robo ya kiasi hicho. Bidhaa iwe imetoka ndani ya Jumuiya na iwe katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, kama vile nafaka, maharagwe, matunda, mboga, samaki na mayai.

Mwenye mzigo wa aina hiyo hujaza fomu fupi na kupewa Cheti Rahisi cha Asili ya Bidhaa. Kinatolewa mpakani na maafisa wa forodha wa nchi bidhaa inakotoka. Kikiisha kupigwa muhuri, mzigo hautozwi ushuru wa forodha. Cheti hicho hakiuzwi. Anayedai pesa ili akitoe anadai kisicho haki yake.

Kuna mambo matatu ambayo huwakwamisha watu, na ni heri yasemwe wazi.

La kwanza, cheti huondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi nyingine, kama zipo kwa bidhaa hiyo, hubaki pale pale.

La pili, cheti cha asili si cheti cha afya. Mahindi, maharagwe, matunda na mboga huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yanakotoka, na mifugo na mazao yake yana kanuni zake. Lengo ni kuzuia magonjwa na wadudu, na kumlinda mlaji. Mama anayefika na cheti kimoja huku vinahitajika viwili hurudishwa, halafu huondoka akiamini ameonewa.

La tatu, asili ya bidhaa ni pale ilipolimwa au kutengenezwa. Pale iliponunuliwa si hoja. Nguo za mitumba zilizonunuliwa sokoni Uganda hazikutengenezwa Uganda. Mchele uliotoka Asia haugeuki kuwa wa Afrika Mashariki kwa sababu umelala ghalani Jinja. Bidhaa hizo haziingii katika utaratibu huu, na kuzipitisha kwa cheti hicho ni kosa.

Hesabu ya njia ya panya

Watu husema njia ya panya ni ya haraka na ya bei nafuu. Hesabu isemeje?

Chukua mfano wa mama mwenye magunia matatu ya maharagwe ya thamani ya shilingi 30,000, anayetarajia faida ya shilingi 3,000. Kwa njia ya panya anamlipa mwenye bodaboda shilingi 600, kwa sababu kijana huyo naye anajihatarisha. Njiani anasimamishwa mara mbili na kila mara anaachia shilingi 500. Jumla ni shilingi 1,600. Faida yake imebaki shilingi 1,400.

Siku mzigo ukikamatwa, anapoteza shilingi 30,000 zote. Kwa faida ya shilingi 1,400 kila safari, atahitaji safari zaidi ya 21 kurudisha mtaji huo, na katika safari hizo zote asile, asilipe kodi ya nyumba, wala asitoe mchango wake wa chama. Kwa familia nyingi biashara huishia hapo, na mtoto hukaa nyumbani muhula mzima.

Kuna hasara nyingine isiyoingia katika daftari. Anayepita kichakani gizani akidhulumiwa, akitukanwa au akishikwashikwa, hana pa kulalamika, maana akifungua kinywa ataulizwa alikuwa akifanya nini pale. Wanaowanyanyasa akina mama wanalijua hilo vizuri.

Kwenye njia rasmi kuna haki ambazo haziko kichakani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema mwanamke asipekuliwe isipokuwa na mwanamke. Afisa wa serikali hupaswa kujulikana ni nani, na malipo halali hutolewa stakabadhi. Akikosea, kuna pa kumpeleka.

Njia rasmi yenyewe imebadilika. Zamani mtu wa Busia alipanga foleni upande wa Kenya kutoka, kisha foleni nyingine upande wa Uganda kuingia. Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kilifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2018. Sasa anayevuka husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na hapo hukuta maafisa wa nchi zote mbili. Tangu mwaka 2014 Mkenya ameweza kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa.

Hata hivyo, haitoshi kumlaumu mama kwa kuogopa. Jengo likiwa kubwa, maandishi yakiwa kwa Kiingereza, na afisa akiuliza kwa ukali, mtu aliyeacha shule darasa la sita atapita mbali. Kazi ya kumwondolea hofu ni ya wanaokaa nyuma ya dirisha kwanza, ndipo iwe yake.

Amri ya usiku mmoja

Utawala na biashara ni pande mbili za shilingi moja. Hilo lilionekana wazi mara mbili katika miaka ya karibuni.

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, Uganda ilifunga mipaka yake kwa watu na kuruhusu mizigo tu. Malori yaliendelea kupita, ingawa kwa foleni ndefu za kupima madereva pale Busia na Malaba. Mwenye gunia kichwani hakuwa na lori. Amri haikutaja wanawake popote, lakini kwa kuwa wao ndio wengi miongoni mwa wanaobeba mizigo midogo, wao ndio waliofungiwa nje. Mama aliyekuwa na kikundi aliweza kuunganisha mzigo wake na wa wenzake katika gari moja. Aliyekuwa peke yake alikula mtaji.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu ijulikanayo kama aflatoksini. Malori yalikwama mpakani. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ielezwe mahindi yalilimwa wilaya gani.

Sumukuvu si mchezo. Huharibu ini na imewahi kuua watu nchini Kenya, na serikali ina wajibu wa kuwalinda wananchi. Lakini masharti yale yale yana uzito tofauti kwa watu tofauti. Mwenye lori la tani 28 hugawa gharama ya kupima juu ya mamia ya magunia. Mwenye magunia matatu akilipa gharama hiyo hiyo, faida imekwisha. Kanuni inayowatendea wote sawa kwa maneno inaweza kumwondoa mdogo sokoni kwa vitendo.

Dawa ya hayo haiko katika kulegeza usalama wa chakula. Iko katika kukausha nafaka vizuri kabla ya kuifunga, kuweka turubai na mashine za kukaushia karibu na wakulima, na kupima mzigo wa kikundi kizima kwa pamoja ili gharama igawanywe.

Kazi ya Nairobi na kazi ya kaunti

Mara nyingi wananchi huilaumu ofisi isiyohusika, na ofisi inayohusika ikakaa kimya. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 imegawa kazi wazi. Biashara ya kimataifa na forodha ni za serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti inashughulikia masoko, leseni za biashara, biashara ya haki na vyama vya ushirika.

Maana yake ni hii: kaunti haiwezi kubadilisha ushuru wa mahindi pale forodhani. Lakini gunia likishavuka, karibu kila kitu ni cha kaunti. Soko lina paa au halina? Lina taa, ili mama asifunge mapema kwa kuogopa giza? Lina choo kinachofungika na maji yanayotoka? Kuna ghala la kulaza mahindi yasipate unyevu? Kuna mahali pa kumlaza mtoto mchanga? Ushuru wa soko unatozwa mara ngapi kwa siku, na stakabadhi inatolewa? Vibanda viligawanywa kwa njia gani, na kwa majina ya nani?

Mikataba mikubwa huweza kuanguka kwa ajili ya mambo hayo madogo. Mama aliyesamehewa ushuru mpakani akitozwa mara mbili barabarani na mara moja sokoni, msamaha wa Arusha umemalizikia njiani.

Ada za kaunti haziwekwi kwa siri. Huandikwa katika Muswada wa Fedha wa kila mwaka, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wananchi haki ya kushirikishwa. Kalenda ya bajeti nayo inajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Choo cha soko ambacho hakikutajwa Septemba ni vigumu kukipata Juni.

Shida ni saa. Mkutano wa maoni ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya soko, wanaohudhuria ni wasio na cha kuuza. Wenye kuitisha mikutano wanapaswa kuangalia siku ya soko kabla ya kuandika barua. Tena Ibara ya 27 ya Katiba inasema vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Soko ambalo wauzaji wake wengi ni wanawake, huku kamati yake ikiwa ya wanaume watupu, linahitaji kuulizwa swali hilo.

Mtaji na jina kwenye hati

Njia ikiwa wazi, bado mtu anahitaji cha kupitisha. Benki huuliza dhamana, na dhamana inayojulikana zaidi ni shamba. Hati nyingi za mashamba zina jina la mwanamume. Ibara ya 60 ya Katiba inataka ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya ardhi ukomeshwe, uwe wa kisheria au wa kimila, lakini majina kwenye hati hubadilika polepole.

Hapo katikati kuna njia nyingine. Hazina ya Biashara ya Wanawake ipo tangu mwaka 2007 na hukopesha kupitia vikundi. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika inaruhusu mkopaji kutumia mifugo, mashine au bidhaa zilizo dukani kama dhamana. Ng'ombe wa maziwa au cherehani inaweza kusimama mahali pa shamba, iwapo mkopeshaji atakubali. Pia asilimia 30 ya zabuni za serikali, ya kitaifa na ya kaunti, imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ili kuipata, biashara iwe imesajiliwa.

Yanayoweza kuanza wiki hii

Mfanyabiashara mdogo aulize kwenye dirisha la forodha orodha ya bidhaa za Utaratibu Rahisi, na aombe cheti chake kwa jina. Atunze kila stakabadhi, hata ya shilingi hamsini, kwa kuwa bila karatasi malalamiko hayana miguu.

Vikundi na vyama visajiliwe, vikusanye mizigo, vipimiwe pamoja na kusafirisha pamoja. Kila kikundi kimteue mwanachama mmoja anayesoma vizuri awe anafuatilia kanuni mpya na kuwasomea wenzake.

Anayedaiwa hongo apeleke habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Anayewekewa kikwazo kisicho na msingi mpakani apeleke habari kwa kamati za biashara za mpakani, maana tangu mwaka 2017 Jumuiya ina sheria ya kuondoa vizuizi vya biashara visivyo vya ushuru.

Maafisa, wa forodha na wa soko, wabandike orodha za ada na taratibu kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, mahali panapoonekana na mtu aliyebeba mzigo. Waume na wana nao waelewe kwamba mama akienda kwenye mkutano wa bajeti anafanya kazi ya nyumba, kwa kuwa hapo ndipo bei ya unga inapoamuliwa.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Walisema walichokiona, na waliona mnyonge aliye peke yake, asiyejua kilichoandikwa kwa ajili yake. Mama mwenye cheti mkononi, stakabadhi mfukoni na wenzake kumi nyuma yake, si rahisi kumwita mnyonge. Huyo atapita mchana, katikati ya barabara, na mzigo wake utafika sokoni ukiwa mzima.